Fungu la Kumi na Moja

Mwaka huu nimeitikia shikamoo nyingi, na karibu zote zilikuja kuniziba mdomo. Mtu anafika uani kwangu hapa Handeni, anainama, shikamoo mzee, nasema marahaba. Anakaa. Anaulizia magoti yangu. Anasifu mahindi yangu, ambayo mwaka huu hata mbuzi aliyapita bila kugeuka. Halafu anasogeza kigoda karibu na kulitoa lililomleta: mzee, lile la Misima liache lipite, mtoto ni wako, na ya nyumbani hayaanikwi.

Sasa nayaanika. Nimechimba visima kwa mikono miaka arobaini na moja, na kuanika ndiyo kazi iliyonilisha na kunijengea nyumba hii ya bati, ambayo wao wanakuja kukaa kivulini mwake na kuniambia ninyamaze.

Nawaandikia ninyi vijana mlioshika sururu baada yetu, na ninyi wenye mitambo ya kutoboa ardhi. Shule niliishia darasa la pili, walipoanza hesabu za kugawanya. Mjukuu wangu alitaka kuninyooshea maneno, nikamwambia aache. Maneno yangu nayapenda yakiwa na vifundo.

Kwanza mjue mafungu, maana bila mafungu hamtaelewa kwa nini mzee mzima ana hasira tangu mwezi wa sita.

Ukichimba kisima, udongo unaotoka chini haumwagwi ovyo. Unaupima kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili ya mtu mzima akiinyoosha. Udongo wa pima ya kwanza unaupa fungu lake. Wa pima ya pili unaupa lake, pembeni ya lile la kwanza. Unapanga mstari kuelekea mlango wa mwenye kisima, mpaka unamaliza. Yeye akiamka asubuhi na mswaki mdomoni, anapita pale na kuona: hapa mwekundu, hapa changarawe, hapa mfinyanzi wa kijivu, hapa umeanza kuwa na ubaridi. Hajawahi kushuka wala hatashuka, lakini ardhi yake yote imelala mbele yake. Na mafungu hayo hayaguswi na mtu. Siku ya kukabidhi, mwenyewe ndiye anasema yaondolewe au yabaki. Wako watu waliyaacha mpaka yakaota majani.

Aliyenifundisha hivyo ni Mzee Shemhilu, Msambaa wa Vugiri, mtu mfupi mwenye viganja vigumu kama nyayo. Aliteremka kutoka milimani akiwa kijana kwa sababu, alivyosema mwenyewe, huko kwao maji yanamfuata mtu mpaka kitandani, kwa hiyo hakuna anayemwita fundi wa kuyatafuta. Mimi nilimkuta nje kidogo ya Korogwe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, suruali moja, na kiburi cha kutosha watu wanne.

Alinitazama akaniambia, "Wewe Mzigua, hicho kiburi kishushe na ndoo. Kitapanda na udongo."

Huyo alikuwa fundi. Kila asubuhi kabla ya mtu kushuka alishusha koroboi inayowaka, polepole, akiitazama mpaka chini. Ikizimika, siku hiyo hakuna kazi, hata kama mwenye kisima analalamika, maana hewa iliyoua taa haishindwi kuua mtu. Kamba aliifunga mwenyewe. Alionja kila udongo kwa ncha ya ulimi, na akikwambia maji ya hapa yatakuwa na chumvi, basi nenda kanunue sukari, chai yako itakuwa na kazi. Na jambo hilo la chumvi alimwambia mwenye kisima mapema, bado tuko pima ya tano, ili achague mwenyewe kuendelea au kuacha. Mara mbili nilimwona akipoteza kazi kwa kusema hivyo. Alikunja kamba yake, akawaaga wenyeji kwa adabu, tukaondoka na njaa.

Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza. Akanijibu kwamba mwenye kisima ni kipofu wa shimo lake mwenyewe, anaona kwa macho yetu, na kumdanganya kipofu si ujanja.

Leo hii nikiwasikia mnavyosema natamani afufuke awazabe makofi. Wizi mnauita kujiongeza. Kijana anachimba choo, anaambiwa futi kumi na mbili, anachimba nane, anafunika, jioni anawahadithia wenzake: nimejiongeza. Fundi bati anapigilia misumari nusu ya inayotakiwa, amejiongeza. Mchoma matofali anayatoa mabichi katikati, yanayeyuka masika ya kwanza kama biskuti kwenye chai, naye amejiongeza. Umejiongeza nini? Umempunguza mwenzio ndiyo ukaonekana umeongezeka.

Lakini sitawatukana ninyi kabla sijajitukana mwenyewe. Nawasimulia ya konokono.

Mzee Mbwana alikuwa na shamba la mahindi na migomba kule bondeni Korogwe. Tulianza kumchimbia kisima, na tulipofika pima ya tisa Shemhilu akaitwa msibani Vugiri. Kwa mara ya kwanza akaniachia shimo peke yangu, na vijana wawili wa kuvuta kamba. Pima ya kumi nikakuta mwamba. Nawaambia mwamba, si jiwe. Mtaimbo ulirudi mkononi ukilia. Siku ya kwanza fungu la kumi, siku ya pili fungu la kumi, siku ya tatu lile lile la kumi, na Mzee Mbwana akawa anapita kwenye mstari bila kusimama. Mwisho akasema kama kesho hakuna dalili tuache, atatafuta mahali pengine na fundi mwingine.

Hilo la fundi mwingine lilinichoma, ila kulikuwa na kubwa zaidi. Mzee Mbwana alikuwa na binti, Mwanahawa, ndiye aliyetuletea chakula cha mchana. Kila siku aliweka sinia la ugali na kisamvu, akanyoosha mgongo, akauliza, "Leo fungu la ngapi?" Tangu la tatu mpaka la tisa nilimjibu nikiwa nimetanua kifua. Sasa siku ya tatu nasema kumi, anasema "bado?", na hiyo "bado" naisikia mpaka kwenye magoti.

Basi mwenzenu nikajiongeza. Kesho yake, saa wenyeji wako shambani, nikawatuma wavuta kamba wakakate miti. Nikachukua ndoo, nikaenda kingo za mto nyuma ya shamba la mkonge, nikachimba mfinyanzi mzuri wa kijivu unaotiririka maji. Na sikilizeni ujinga huu: udongo ule niliushusha shimoni. Niliushusha kwa kamba mpaka chini, ili wavuta kamba wakirudi waupandishe na kila mtu auone unatoka kisimani. Ndoo nne. Nikapanga fungu la kumi na moja, la kijivu, linalong'aa, nikaketi pembeni kama niliyezaa.

Mzee Mbwana aliushika, akaunusa, akasema alhamdulillahi, akaagiza kuku achinjwe. Nilipewa paja. Paja lile halijashuka kooni mpaka leo. Mkewe akaanza kutengeneza tuta la mchicha pale pale, akasema maji yakitoka yasipotee bure. Na Mwanahawa alipouliza fungu la ngapi nikasema la kumi na moja, akacheka kwa furaha, na mimi nikajiambia kwamba nitalivunja jabali hili kabla ya yeyote kujua, na uongo wangu utageuka kweli. Kila mwongo hujiambia hivyo. Hakuna anayeanza akiwa na nia ya kubaki na uongo. Wote tunaikopesha tu kweli nafasi, tukidhani itakuja kuikalia.

Siku ya nne baada ya kuku yule, Shemhilu akarudi. Hakuenda kisimani. Aliwasalimu wenyeji, akaanza kutembea kwenye mafungu taratibu, mikono nyuma, tangu la kwanza. Alipofika la kumi na moja akachuchumaa. Akalimega bonge moja, akalivunja vidoleni, akatoa kitu, akakifuta kwenye shati, akakiweka kiganjani mwangu. Gamba la konokono, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mhando, huyu alipita wapi?"

Nikaligeuza gamba kiganjani.

"Alitoboa mwamba, au alishuka kwa kamba kama sisi?"

Akainuka, akakung'uta magoti. "Mimi sisemi neno. Utasema wewe, kwa mdomo ule ule uliokula kuku."

Nikasema. Mbele ya Mzee Mbwana, mkewe, wavuta kamba, na Mwanahawa aliyekuwa ameshika beseni mlangoni. Mzee Mbwana hakunitukana. Alimgeukia mkewe akamwambia ang'oe ile miche ya mchicha. Nilimtazama mama yule aking'oa mche mmoja mmoja, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa, sijapewa nyingine kubwa kama hiyo.

Kesho yake sinia likaja. Mwanahawa akanyoosha mgongo. "Leo fungu la ngapi?"

"La kumi," nikasema.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Mwamba ule tuliula kwa nyundo na patasi siku ishirini, maji tukayakuta pima ya kumi na mbili. Nilipopeleka posa, Mzee Mbwana alinikataa miaka miwili. Alisema anasubiri kuona mafungu yangu mengine. Aliponipa binti yake, alinipa akiwa ameyaona. Na huyo binti, ambaye leo ni bibi mwenye wajukuu tisa, alikihamishia kisa kile ndani ya nyumba. Mtoto akisema amefika shule kumbe alikuwa anaogelea, mama yake anamtazama, anasema, "Naona konokono." Mimi nikisema nitachelewa kwa sababu ya kazi kumbe nilikuwa kwenye bao, "Baba Bakari, naona konokono." Hakupiga mtu. Neno hilo lilitosha.

Mnasema ya nyumbani ni mbali na ya kazini. Nani kawaambia? Nilikuwa na mwenzangu, Hamza, fundi mzuri sana, mikono ya dhahabu. Aliaga kwake hapa Handeni kwamba anakwenda kuchimba Mkata. Kumbe yuko Hale, kwenye kisima kweli, lakini pia kwa mke mdogo ambaye nyumbani hawamjui. Ukuta wa shimo ukamporomokea akavunjika mguu. Waliomwokoa wakauliza kwao ni wapi, akasema hapo hapo Hale. Mkewe wa Handeni akasikia fununu, siku mbili akamtafuta Mkata kila shimo, anachungulia visima vya watu akiita jina la mumewe. Alipompata, hospitalini, kila upande wa kitanda kulikuwa na mwanamke na chupa ya uji. Hamza akafumba macho akajifanya amezimia. Wauguzi walicheka, mimi nilicheka, lakini fikirieni yule mama akiinama kwenye shimo la kumi na kuita. Fundi kisima akitoka nyumbani, watu wake wajue yuko shimo gani. Ukificha shimo, siku likikufukia hakuna wa kukufukua.

Haya. Sasa Misima.

Bakari ni mwanangu wa kwanza, na nilimfundisha mwenyewe. Koroboi anayo, kamba anayo, mafungu anayajua. Mwaka huu alipata kazi ng'ambo ya Misima, kwa mama mmoja wa Kimaasai, mjane, watu wanamwita yeyo, ndiyo mama kwa lugha yao. Kila kiangazi yeyo na wanawe hupeleka ng'ombe mbali, mpaka mto Pangani, na kila mwaka ndama wanabaki njiani. Safari hii alitaka kisima chake ili mifugo ibaki nyumbani. Hakumchagua Bakari kwa uzuri wake. Alisema, na nimeambiwa na waliosikia, kwamba huyo ni mtoto wa mzee wa mafungu.

Bakari akachimba mwezi wa nne. Masika! Nauliza, fundi gani anachimba kisima masika? Kisima kinachimbwa mwishoni mwa kiangazi, maji yakiwa yameshuka mwisho wa kushuka. Ukiyakuta hapo umeyakuta kweli. Masika maji ya mvua yanazama kidogo tu, yanakalia mfinyanzi kama uji juu ya sinia, na ukichimba unayakuta mapema, mengi, yanakuchekea. Ni maji ya juu. Mwezi wa nane yamekwisha.

Mwezi wa sita yeyo akakabidhiwa, akaalika watu kunywa maziwa, na mimi akaniita kama baba wa fundi. Nikafika. Pete za zege safi, mfuniko safi, birika la ng'ombe safi. Nikatafuta mstari wa udongo, sioni.

Nikamuuliza Bakari pembeni, "Mafungu yako wapi?"

"Baba, siku hizi hatupangi. Watu wanataka maji, hawataki matope."

Udongo wote alikuwa ameusambaza kusawazisha njia ya ng'ombe, umechanganyika, umekanyagwa. Nikachukua kamba yangu yenye fundo kila pima, nikafunga jiwe, nikashusha. Sita na kidogo. Nikavuta maji nikaonja. Yalikuwa na ladha ya majani na rangi ya chai ya majani yaliyochemshwa mara ya tatu. Kwenye jiwe nikauona ule mfinyanzi wa kijivu, haujatobolewa hata kidole.

Nikamwambia kama nilivyoambiwa mimi: mimi sisemi, nenda kaseme mwenyewe, mama huyu abadili mpango kabla hajachelewa. Nilimpa nafasi ile ile niliyopewa. Mwanangu akanitazama, mtu wa miaka thelathini na nane, akasema, "Nikimwambia, nani atanipa kazi tena Handeni hii? Nimejiongeza kidogo tu, baba. Mvua za vuli zikiwahi, hakuna atakayejua."

Mvua zikiwahi. Ng'ombe wa mjane amewafunga kwenye mvua zikiwahi.

Basi nikasema mimi. Nilisimama katikati ya watu na kikombe cha maziwa mkononi, nikasema, yeyo, hiki si kisima, ni dimbwi lililojengewa ukuta.

Yeyo hakupiga kelele. Aliniuliza, "Litakauka lini?"

"Kabla ya mwezi wa tisa."

Akamgeukia Bakari. "Wewe ulijua?"

Bakari akatazama simu yake.

Hapo ndipo shikamoo zilipoanza. Siku ya tatu mdogo wangu Juma aliitisha kikao cha ukoo hapa kwangu, alasiri, chai na mihogo ya kuchemsha. Nilidhani wamekuja kumkemea mtoto. Kumbe wamekuja kunikemea mimi. Nimemvua nguo mwanangu mbele ya wageni. Nimeharibu jina. Mke wa Bakari alilia, na machozi yake niliyaheshimu, ana watoto wa kulisha. Lakini Juma, mtu mzima, akaleta dawa: niende Misima niseme nilikosea, na maji yakikauka tuseme yamehamishwa. Kuna majirani wana wivu, wamefanya mambo yao, maji yamehamia kwao. Watu wataamini. Mwingine akasema bora iwe kwamba mzee siku hizi anachanganyikiwa, umri umekwenda.

Sikilizeni, vijana. Kwa hiyo mjane akose maji, jirani asiye na kosa aitwe mchawi, na mimi niitwe mwehu, ili mtu mmoja asiseme neno "nilikosea"? Hiyo ndiyo heshima ya ukoo? Mnaosema damu ni nzito kuliko maji, hamjawahi kuwa na kiu. Nilisema hayo yote kwa sauti, na mengine siyaandiki.

Mwanahawa hakusema kitu. Bakari ni kipenzi chake, kila mtu anajua, na sikumlaumu. Aliinuka, akaenda kwenye migomba, akarudi, akaanza kugawa mihogo kwenye visahani. Kila mtu akapata chake. Cha Bakari alikiweka mbele yake taratibu, kama cha wengine.

Hakikuwa na muhogo. Kilikuwa na gamba la konokono, lina udongo bado.

Juma akauliza hiyo ni nini. Wanangu wote walikuwa wanatazama chini. Bakari akainuka akatoka bila kuaga. Wiki tano hakukanyaga kwangu, na simu hakupokea. Nilikuwa nikimwambia Mwanahawa sijali, naye akawa ananijibu kwamba anaona konokono mwingine. Alikuwa na haki. Nililala vibaya. Nilijiuliza kama lile la Mzee Mbwana nililisimulia kwa kucheka mno, wakabaki na kicheko, wakaacha miche ya mchicha.

Mwezi wa nane mwanzoni kijana mmoja wa bodaboda akaniambia amemwona Bakari Misima, ndani ya shimo. Nikapanda pikipiki yake na magoti yangu haya.

Niliona kwa mbali mstari wa mafungu unaelekea mlango wa yeyo. Nikashuka, nikaanza kutembea mikono nyuma. Mahali pa fungu la kwanza palikuwa na jiwe tu. La pili, jiwe. Mawe sita. Udongo ule ulishakanyagwa na ng'ombe, na yeye hakutafuta mwingine wa kuziba nafasi. Aliweka mawe kuonyesha kwamba hapa sina cha kuonyesha. Baada ya mawe likaanza fungu la saba, mfinyanzi. La nane, mfinyanzi. La tisa changarawe kavu. Nikaendelea. La kumi na moja nilichuchumaa, magoti yakalia, nikalimega na kulivunja. Vumbi jeupe. Nikaenda mpaka la kumi na nne. Vumbi, na vipande vya mwamba vinavyometa juani.

Bakari alipanda juu, uso wote mweupe kwa vumbi. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Umemwambia?"

"Nimemwambia jana. Hapa hakuna maji. Nimemwambia na kwamba mwezi wa nne nilijua sijafika."

"Kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

Sikumkumbatia, hatuna tabia hiyo. Nilimwomba kamba, nikaikagua fundo kwa fundo, nikamrudishia.

Yeyo alikuwa anafunga vibuyu. Wanawe walishaanza kukusanya ng'ombe. Wangeondoka kesho yake kwenda Pangani, nyasi za njiani zikiwa bado zipo na ndama wakiwa bado na nguvu. Kazi ya shimo lile Bakari hakudai kitu, na hilo ni lao wawili. Alipotaka kuyazoa mafungu apasafishe kabla hawajahama, yeyo akamzuia kwa fimbo. "Acha hapo. Huo ni udongo wangu."

Mpaka leo Juma anasema Bakari ameaibika, amechimba pima kumi na nne akatoa vumbi, Handeni nzima inacheka. Wacha icheke. Kwenye hesabu yangu, mimi niliyekimbia kugawanya, mwanangu amechimba visima thelathini na kitu, na hicho kikavu cha Misima ndicho cha kwanza.

Vuli ilianza juzi, na imechelewa. Yeyo amerudi na ndama wake wote. Alipita hapa kwangu, akakataa chai, akaacha ujumbe kwa Bakari akiwa amesimama: mwakani aje mwezi wa tisa, achimbe upande wa kichuguu, maana mchwa hawajengi mbali na maji. Na mafungu ayapange kuanzia la kwanza.